Barua kwa mwanangu: vidonge vya vitamini na sigara zako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na kuisoma mara mbili. Unauliza kama vidonge vya vitamini unavyonunua kila mwezi vinaweza kufidia madhara ya sigara zako nne za kila siku, hasa kwa upande wa moyo. Nakujibu kama mama na kama muuguzi mstaafu: vitamini iliyopungua vitairudisha, lakini moyo wako havitaukinga.

Ni kweli kwamba mvutaji hupungukiwa na vitamini C, kwa kuwa mwili huitumia kwa wingi kupambana na kemikali za moshi. Ndiyo maana mwaka 2000 wataalamu wa lishe wa Marekani walipendekeza mwanamume anayevuta apate miligramu 125 kwa siku badala ya 90, na tofauti hiyo ya miligramu 35 unaimaliza kwa chungwa moja la Muheza.

Kinachoumiza moyo, hata hivyo, si upungufu huo. Nikotini hubana mishipa na kuyakimbiza mapigo, na kaboni monoksidi iliyomo katika moshi hung'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo moyo hufanya kazi kubwa zaidi huku wenyewe ukinyimwa hewa. Wakati huohuo ngozi laini ya ndani ya mishipa huharibika na damu huwa nyepesi kuganda. Jioni moja barazani marehemu baba yako alikubali nimpime. Nilimshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, saa yangu nimeiweka gotini, nikahesabu mapigo 72 kabla hajawasha, na sigara ilipokaribia kichungi yakawa 86. Aliitazama ile sigara kwa muda, akaimalizia.

Wala usijifariji kwamba nne ni chache. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata anayevuta moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20.

Tafadhali soma pia kibandiko cha chupa yako, na ukikuta beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, acha vidonge hivyo leo. Nchini Ufini wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 walifanyiwa utafiti, na matokeo ya mwaka 1994 yakaonyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa.

Kinachosaidia ni kuacha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Nenda zahanati wakupime presha, uwaeleze waziwazi kwamba unataka kuacha, kisha uniandikie siku uliyoichagua. Nitakuja nikae nawe wiki hiyo ya kwanza, maana ndiyo ngumu.

Mama yako