Penati ya Kagere, penati ya Kisinda, na zile ambazo hakuna anayeziulizia

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu ya watu wote, ngoja nijibu kwa urefu maana naona watu wa Yanga na Simba wanaitana vyura na mikia tu halafu swali linabaki palepale. Umeuliza mambo mawili, moja kama ile penati ya Kagere wa Simba dhidi ya Yanga, Januari 2020, ilikuwa halali au Mnyama, yani Simba, alibebwa, na pili kama shabiki wa Yanga akisema ilikuwa halali, au wa Simba akisema haikuwa, huyo bado ni shabiki au ni shabiki maandazi, yani wa uongo. Nijitaje kabisa kabla hamjaanza kunitafuta: mimi Yanga, nimezaliwa nyumba ya Yanga, na nimechezesha sana ndondo, mechi za mtaani, huku Temeke. Sio refa wa TFF, sina beji, filimbi yenyewe nilijinunulia.

Kwa waliokuwa wadogo, ile ilikuwa tarehe 4 Januari 2020 pale Taifa, siku hizi kwa Mkapa. Kagere akaangushwa na beki wetu Yondani, refa akaweka tuta, yani penati, Kagere mwenyewe akapiga, 1-0 kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kinaanza tu Deo Kanda akaweka la pili la Simba, sisi Yanga, watu wa Jangwani, tukaanza kutafuta njia ya kutokea, mara Balama Mapinduzi wetu kaachia lile shuti la mbali, halafu Mohamed Issa "Banka" akasawazisha, 2-2. Mechi tamu balaa, ila kesho yake hakuna aliyekuwa anaongelea shuti la Balama, kila kona ni penati, penati, penati.

Jibu langu: nilivyoona mimi mguso wa kwanza ulikuwa nje ya boksi la penati, ile 18. Sasa kabla mtu hajasema "si nimesema, Yanga huyu", subiri nieleze, maana hapa ndo wengi mnachanganya. Faulo ya kumkwatua mtu inahesabiwa pale mguso ulipotokea, sio pale mwili ulipodondokea. Mtu yuko spidi, ukimkata ngwala nusu hatua nje ya 18 lazima akadondokee ndani, uwanja mzima unaona mwili umelala ndani ya boksi na watu wanaamini walichokiona mwisho. Ila ukimshika, yani umemvuta jezi nje ukaendelea kumng'ang'ania mpaka ndani, hiyo ni penati kabisa hata kama ulianzia nje. Na mstari wenyewe ni mali ya boksi, mguso ukiwa juu ya mstari ni tuta, hakuna cha "ilikuwa kwenye mstari bwana tugawane".

Ukishajua hayo unaona kabisa kwamba watu wawili wanaweza kuangalia tukio moja wakabishana mpaka asubuhi, mmoja anaangalia mguu na mwingine anaangalia mtu alipolala.

Na klipu hizi za WhatsApp ndo zinaua kabisa. Kinyozi wangu ni Simba, wiki ile ilikuwa ukikaa tu kwenye kiti anakuwekea simu usoni, "angalia Yanga, angalia mguu huo", anasimamisha video pale Kagere anapoguswa, na kusimamisha kwenyewe anasimamisha kwa kidole gumba, na kidole gumba kimekaa juu ya mstari wa boksi. Namwambia toa kidole, akitoa video inaendelea, anarudisha tena, kidole palepale. Na hata kingekuwa hakipo, ile kamera kubwa inakaa usawa wa katikati ya uwanja, mstari wa 18 unauona kwa mshazari, futi moja inaweza ikapotea hapo na usijue. Mtu pekee mwenye nafasi nzuri ni mshika kibendera kama yuko usawa. Siku nyingine usimuangalie refa, angalia miguu ya mshika kibendera: tukio likiwa ndani, utaona anaanza kushuka kuelekea kibendera cha kona, likiwa nje anabaki amesimama. Nimeshinda soda nyingi kwa hilo tu.

Sasa huku mchangani hata huyo kibendera ni bahati nasibu. Chokaa mnaweka saa tisa, mpaka kipindi cha pili imeshakanyagwa haipo, na palipobaki mstari pamesimamiwa na watoto na mashabiki, maana kila mtu anataka kuona goli kwa karibu. Kuna mechi moja ya kombe la mbuzi, timu mbili za mitaa inayopakana, ugomvi wao wa siku nyingi. Winga kamtoka beki, kaingia, beki akaja kwa kuchelewa akamkwatua kisigino, vumbi likapanda huwaoni wote wawili. Mimi macho yangu yalikuwa chini, nikaona njumu ya beki imetulia juu ya chokaa iliyobaki, nyeupe kabisa kwenye soli, na mguu wa winga uko mbele yake. Nikapuliza. Ee bwana, nilichoshikwa pale kola sitaki kukisimulia, kapteni wao ananipumulia usoni, "refa una bahasha wewe, una bahasha", mwingine nyuma anataka kuninyang'anya filimbi, mpaka wazee wakaingia kati. Wakafungwa moja bila, mbuzi akaenda mtaa wa pili.

Kesho yake niko kijiweni kwenye kahawa, akaja mzee mmoja wa ile timu iliyofungwa, mtu mzima, akanilipia kahawa na kashata juu. Akakaa kimya kidogo akasema, "Refa, penati ilikuwepo, hilo hatukatai. Ila na wewe uliionaje?"

Nimeifikiria sana ile kauli. Watu wanajua mkuu. Hawabishani kwa sababu hawajaona, wameona vizuri tu. Macho hayana kadi ya klabu ila mdomo unayo.

Angalia kilichotokea mwaka uleule wa 2020, Novemba tarehe 7. Yanga tunacheza na Simba, Tuisila Kisinda wetu anakimbia zake, Onyango wa Simba akamuangusha, penati, Sarpong akatufungia. Nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha kuangalizia mpira Tandika, na nakuapia, walewale waliokuwa Januari wanasema "mwili ulidondokea ndani, inatosha" wakageuka kuwa walimu wa sheria, "faulo inahesabiwa mguso ulipotokea!" Na sisi wa Yanga tuliolia miezi yote ile kuhusu mstari, ghafla mstari hauna umuhimu, "rafu ni rafu bwana, acheni mambo ya rula". Ni kama watu wamebadilishana karatasi za mtihani, kila mmoja anasoma majibu ya mwenzake, na hakuna hata anayecheka. Onyango mwenyewe akaja kusawazisha kwa kichwa dakika za mwisho, 1-1, tukaenda nyumbani tunabishana.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho sijaona mtu yeyote kwenye huu mjadala anakisema. Hebu angalia ni penati zipi tunazozibishania. Januari 2020, sare. Novemba 2020, sare. Lile goli la Tambwe wa Yanga la Oktoba 2016, sio penati lakini kelele ni zilezile, kwamba alishika mpira kwa mkono, viti viling'olewa Taifa mpaka serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja, ile nayo iliisha 1-1, Kichuya wa Simba kapiga kona ikaingia moja kwa moja. Sare tena. Sasa nikuulize, tarehe 5 Novemba 2023, ile 5-1 tuliyowapiga Simba, goli letu la tano la Pacome lilikuwa la nini? Penati. Nani anaibishania? Umeshawahi kuona shabiki wa Simba ameleta klipu ya ile penati? Hana muda nayo, ana manne mengine ya kujibu. Na Februari 2017 Msuva alitufungia kwa penati mapema kabisa, Simba wakabaki pungufu baada ya Bukungu kula nyekundu, bado wakatupiga 2-1 kupitia Mavugo na huyohuyo Kichuya. Kuna Simba anayelalamikia ile penati? Thubutu, anaisimulia kwa raha, maana inanogesha ushindi wake.

Penati inayobishaniwa ni ile iliyokuja kwenye mechi isiyo na mwenyewe. Mechi ikiisha sare Jumatatu kazini hakuna wa kumtambia mwenzake, kwa hiyo watu wanaitafuta mechi ya pili nje ya uwanja, na penati ndo mpira wenyewe. Ukinipa mtu anayesema anataka tu haki itendeke kwenye soka, namuuliza anieleze penati moja ambayo timu yake ilipewa kimakosa. Akianza kukohoa, basi.

Kuna wadau wamesema dawa ni marefa wa nje na VAR, ile ya refa kusaidiwa na video. Marefa wa nje walishaletwa, ile dabi iliyoahirishwa Machi 8, 2025 ikaja kuchezwa Juni 25 na waamuzi wa kutoka Misri, Pacome akatufungia kwa penati, Mzize akaongeza, tukashinda 2-0. Kelele zilipungua? Mtaani kwangu zilibadilika lafudhi tu, watu wakaanza kuuliza nani aliwalipia hoteli. Na VAR, mkuu, mimi Yanga usinitajie VAR. Aprili 5, 2024 Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi, Aziz Ki wetu kapiga, mpira ukagonga besela, ule mwamba wa juu wa goli, ukadunda chini, VAR ipo, refa hakwenda hata kwenye ile skrini, tukatolewa kwa matuta 3-2. Nitalisema hilo mpaka naingia kaburini na sitaki mtu aniletee rula.

Sasa la uaminifu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mmeandika kwamba shabiki wa kweli hakubali penati ya mpinzani hata ikiwa wazi. Hiyo mnaita uaminifu? Hiyo ni rahisi mno, haina gharama, umekaa na simu yako na bando lako unatukana. Mimi uaminifu niliuona msimu wa 2018/19, hela hakuna Jangwani, wachezaji wanadai, kocha Zahera mwenyewe anapitisha bakuli kuomba wanachama wachangie, na Simba wanatucheka "omba omba fc". Kuna mama ntilie mmoja hapa mtaani alikuwa anatuma buku kwa simu, anatuma tena, na hajawahi hata siku moja kubishana penati, ukimuuliza Kagere alikuwa ndani au nje anakwambia "mi sijui mwanangu, nilikuwa jikoni". Msimu ule tulimaliza wa pili kwa nguvu za watu kama yule.

Na ili nisiwabague, nitawasifia na mikia hapa. Simba walichukua ubingwa 2012, mwaka ambao walitupiga tano bila, halafu wakakaa mpaka 2018 ndo wakashika tena kombe la ligi. Miaka yote hiyo sisi tunajiita wa kimataifa na kuwazodoa. Baba mkwe wangu ni Simba, kipindi kile alikuwa anavaa jezi yake nyekundu imeshapauka ikawa kama ya chai, anaenda Taifa kuangalia mechi na timu ambazo hata jina hazikumbuki, siku za katikati ya wiki, jua kali, jukwaa tupu. Hakuhamia timu ya Azam. Huyo ukiniambia ni maandazi kwa sababu alisema siku moja Tambwe hakushika, tutakosana.

Halafu wale wa kununua jezi ya Mamelodi au Al Ahly ili kumzomea mtani. Machi 2024 hilo jambo lilikuwa kubwa hadi viongozi wakaliongelea. Mimi sina shida nalo sana, ni utani wa jadi, acha watu wafurahi, ila usije ukaniambia hiyo ni mapenzi kwa Simba au Yanga, hayo ni mapenzi kwa fundi aliyechapa jezi feki Kariakoo.

Mdau mmoja hapo juu ameniita msaliti kwa sababu niliandika humu kwamba penati yetu ya Novemba 2020 inawezekana tulipewa kimakosa. Kaka, twende taratibu. Shemeji yangu ni Simba mpaka kwenye kope. Usiku ule wa Pretoria, mechi imeisha, mimi nimezima taa nimelala na jezi, ikaingia sauti yake WhatsApp, sauti ya chini kabisa nadhani alikuwa anamficha mtu, "Shem, pole. Ule mpira umeingia shem, mmedhulumiwa". Asubuhi napita kijiwe cha boda nikamkuta amesimama katikati ya watu, anaonesha kwa mikono miwili jinsi mpira ulivyodundia kwenye mstari na haukuvuka hata robo, anaapa na jina la mama yake. Akaniona. Akaendelea. Na mimi nikapita, sikusema kitu, maana pale alikuwa kazini. Ile sauti ninayo kwenye simu mpaka leo, sijaituma kwenye grupu lolote, namtunzia kwa siku atakayonizidi kelele.