Simba azuiwa mlangoni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni asiyeona, naongozwa na mbwa wangu, Simba. Jumamosi, kwenye duka moja hapa Sinza, mlinzi alinizuia: "Mbwa najisi, mfunge nje." Simba ndiye anayenivusha barabara. Je, nina haki ya kuingia naye?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza kukubagua, nawe bila Simba hufiki kwenye rafu ya unga. Mlinzi tusimlaani, pengine mbwa anaowajua ni wa getini tu. Kuhusu najisi, mimi mwenyewe Mshafii, yaani Mwislamu wa madhehebu ya Shafii: mbwa mkavu akigusa kikavu, hakuna cha kuosha. Balaa ni mate! Mfupishie kamba, kisha omba kuonana na meneja. Akikataa, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa manispaa, umtajie siku na saa.