Mkanda wa kiuno na gunia la kilo 50

SWALI: Shikamoo Mzee. Kazi yangu ni kupakua magunia ya kilo 50 ghalani. Jioni kiuno kinakaza, hata kufunga kamba za viatu ni shughuli. Msimamizi ametugawia mikanda ya kiuno. Inatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haitoshi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, iliichunguza mikanda hiyo mwaka 1994 ikakosa ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu mzima wa afya asiumie mgongo. Taasisi hiyohiyo huweka ukomo wa kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na hakuna kujipinda. La kwako ni zaidi ya maradufu! Usikubali kuambiwa tatizo ni kwamba hukunji magoti vizuri unapoinua; tatizo ni uzito.

Ombeni toroli. Magunia yapangwe juu ya chaga, yafike usawa wa kiuno, maana kuokota sakafuni ndiko kunakoumiza zaidi. Pasipo mashine, shikeni wawili, mmoja ahesabu ili mnyanyue pamoja.

Nimesimamia ghala miaka mingi, na ninachokiangalia kwanza ni nyayo. Mtu amekita miguu, kiwiliwili kinazunguka na gunia kifuani. Hapo ndipo mgongo unapoumia. Geuza miguu kwanza, mwili ufuate.

Maumivu yakishuka mguuni, nenda ukapimwe. Ukipata ganzi mapajani kwa ndani au mkojo ukigoma, usingoje kesho: hospitali saa hiyohiyo.