Ukoo wangu wa mchezoni unasambaratika

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Nipo Ngamiani, Tanga. Nimeanzisha ukoo (kikundi cha wachezaji) katika mchezo wa simu wa Clash of Clans na wenzangu wa kijiweni. Tumefika 20, lakini vita na ukoo mwingine vikianza wengi hawashambulii, na rafiki niliyempa cheo cha kiongozi mwenza amewatimua watatu bila kuniuliza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kiongozi mwenza ana uwezo wa kufukuza watu na kuanzisha vita karibu sawa na wewe, kwa hiyo cheo hicho hakikufaa kuwa zawadi ya urafiki. Mshushe awe mwanachama wa kawaida, lakini mwambie kwanza ana kwa ana, kwani mnakaa mtaa mmoja, kisha uwaombe radhi waliotimuliwa.

Kuhusu vita, ukoo hubeba hadi watu 50, ila si lazima wote wapigane: chagua 10 waliokubali wenyewe. Maandalizi huchukua saa 23 na mapigano saa 24, hivyo ukianzisha Ijumaa baada ya Isha, mashambulizi mawili ya kila mmoja yataangukia kati ya Jumamosi usiku na Jumapili usiku, wakati wengi wapo nyumbani (na bando halijaisha, tuombe). Anayekosa mara mbili bila taarifa apumzishwe vita vinavyofuata.