Usaili wa uigizaji: jinsi ya kujiandaa kwa maswali

Waigizaji wengi chipukizi hutumia siku kadhaa kukariri kipande walichopewa, kisha hushangaa kwamba kilichowaangusha ni mazungumzo ya dakika chache kabla au baada ya kukiigiza. Nimesailiwa mara nyingi kwa ajili ya tamthilia hapa Dar es Salaam, na nimewahi pia kukaa upande wa pili wa meza nikiwasomea wasailiwa mistari ya mhusika mwenzao. Nikiwa upande huo ndipo nilipoelewa kwamba mwongozaji haulizi maswali ili kupima akili ya mtu, bali anataka kujua kama ataweza kufanya naye kazi kwa miezi, alfajiri na usiku, bila kazi kukwama.

Swali la kwanza huwa ni "Jitambulishe", na mara nyingi kamera inakuwa imeshaanza kurekodi. Taja jina, rika la wahusika unaoweza kuwaigiza, unapoishi na kazi moja au mbili ulizofanya, kisha nyamaza. Igizo la shuleni au la kanisani nalo linahesabika, mradi useme uliigiza nani. "Niliigiza mama mkwe anayeficha talaka ya mwanawe" humwambia msaili mengi kuliko "nina kipaji tangu utotoni", maneno ambayo amekuwa akiyasikia tangu asubuhi. Kama umesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, au sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sema hivyo bila kujigamba, kwa kuwa anayesubiri nje huenda hakusomea popote na bado akakupita.

Swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka, nami naliona kuwa zito kuliko yote, ni la ratiba yako. Maonyesho ya tamthilia hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi: leo unaweza kurekodiwa ukibisha hodi nje ya nyumba, na wiki mbili baadaye ukarekodiwa ukiingia sebuleni, ilhali mtazamaji ataona sekunde moja tu imepita. Ukibisha hodi ukiwa umesuka twende kilioni na kuingia sebuleni ukiwa na rasta, onyesho limeharibika. Ndiyo maana utaulizwa kama uko tayari kubaki na mtindo mmoja wa nywele, kunyoa, au kuacha ndevu. Kabla hujatoka nyumbani, zungumza na mwajiri wako, chuo chako au familia yako, uende ukiwa na tarehe unazozijua, kwa sababu jibu la "nitajipanga" halimsaidii anayepanga ratiba.

Kuhusu ujuzi, sema ukweli. Anayedai kwamba anajua kuendesha pikipiki au kuzungumza kwa lafudhi ya Kipemba ajiandae kuombwa afanye hivyo papo hapo.

Maswali ya mhusika yanahitaji maandalizi ya aina nyingine. Soma kipande chako ukijiuliza mhusika ametoka wapi kabla ya onyesho kuanza, anataka nini kwa huyu anayezungumza naye, na kitu gani hathubutu kukisema. Ukiulizwa kwa nini amedanganya, usijibu kwamba ni mtu mbaya. Eleza anachoogopa kupoteza. Baadaye mwongozaji anaweza kukuambia urudie bila kulia, hata kama machozi yako yalikuwa mazuri. Hilo nalo ni swali, na jibu lake ni kubadilika, si kutetea ulivyoigiza mwanzo.

Mwishoni utaulizwa kama nawe una swali. Uliza tarehe za kurekodi, malipo na lini yanatolewa, nani anagharamia mavazi, na kama kuna usafiri wa kurudi nyumbani kazi inapoisha usiku. Ikiwa kuna maonyesho ya mahaba au ya kuvuta sigara usiyoyakubali, yataje hapo hapo kwa upole, kabla ya mkataba. Swali linaloelekea kwenye ada ya usaili au kukutana faragha halihusiani na kazi. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113.