Feri kuukuu ya Likoni: ikarabatiwe au inunuliwe mpya?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama ni busara fedha za umma zitumike kukarabati feri iliyozeeka hapa Likoni, Mombasa, au zinunue mpya. Kwa maoni yangu, umri peke yake hautoshi kuamua. Kinachoamua ni hali ya chuma.

Injini hubadilishwa, nyaya za umeme huvutwa upya, na hata milango ya kupakilia magari hutengenezwa. Lakini mabamba ya chuma ya chini ya feri yakiwa yameliwa na maji ya chumvi kiasi cha kuhitaji kubadilishwa sehemu kubwa, gharama hukaribia ile ya chombo kipya, nawe ungali na chombo cha zamani. Kwa hiyo feri ipandishwe kwanza chelezoni (mahali pa kutengenezea vyombo nje ya maji), mabamba yapimwe unene na mkaguzi asiyekuwa na maslahi katika zabuni (hili la zabuni nalisisitiza makusudi), ndipo hesabu ifanywe.

Hesabu hiyo isiishie kwenye bei. MV Jambo, mojawapo ya feri za hapa Likoni, iliyoundwa Uturuki, iliwasili mwaka 2017, maana yake chombo kipya huagizwa mbali na husubiriwa, na wakati huo wote watu wanavuka. Wasivushwe kwa kurundikwa: feri ya MV Mtongwe ilipozama hapa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walifariki, na msongamano ulichangia.

Chuma kikiwa kizima, ningekarabati, mradi feri nyingine ziwe zinafanya kazi. Kikiwa kimechakaa, ningeagiza mpya pamoja na vipuri vyake katika mkataba uleule.