Baba anataka gesi, mimi maziwa yamenikaa moyoni

Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa kemikali, hapa Dar. Mwezi ujao tunajaza fomu ya mchepuo: mafuta na gesi, vyakula, au maji na mazingira. Baba ni dereva wa lori la mafuta, na anasema nikiacha gesi nimemtupa. Fildi nilifanyia kiwanda cha maziwa. Marafiki wote wanakwenda gesi. Nifanyeje?
– Njia Panda

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeifupisha, ilikuwa kurasa tatu. Neno gesi nimelihesabu mara kumi na moja, na mara zote unaongelea mshahara. Maziwa umeyataja mahali pamoja tu: mashine ya kupasha iligoma kufika nyuzi 72, mafundi wakazidi kufungulia mvuke, wewe ukabaki hadi usiku sahani za chuma za mashine hiyo, zinazopitisha joto kwenye maziwa, zilipofunguliwa. Ukakuta utando mweupe umeshikamana na chuma, ukaukwangua kwa ukucha. Ukakosa gari la mwisho. Nani alikutuma? Hakuna.

Utando ule ni protini na madini ya maziwa yaliyoganda kwenye sahani. Unazuia joto kupita, na ukiongeza mvuke unazidi kuuunguza. Mtu anayekosa gari kwa ajili ya jambo hilo ameshachagua mchepuo, fomu ndiyo bado.

Baba yako usimwone mkaidi. Aliyeendesha lori kwenda Tunduma miaka 19 ameona kwa macho yake nani anashuka kwenye gari zuri pale kwenye maghala ya mafuta. Asichokiona ni kwamba gesi ya bahari kuu ilianza kugunduliwa 2010, na kiwanda cha kuigeuza gesi hiyo kuwa kimiminika, kinachosubiriwa Lindi, bado hakijajengwa. Nawajua vijana waliochukua gesi kwa kuisubiri Lindi. Mmoja yuko benki, mwingine anauza saruji. Hawalali njaa, ila hawakusomea hayo.

Sisemi gesi imekufa. Ya Songo Songo inaendesha mitambo ya umeme Dar tangu 2004. Na hapa ndipo pa kuanzia na baba: mweleze bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli asubuhi ya Makambako. Ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa joto njia nzima, yasishuke chini ya nyuzi 50 hivi. Anayepiga hesabu ya joto lile anapiga hesabu ile ile ya sahani zako za maziwa. Mtu wa malori atalielewa hili haraka kuliko walimu wako.

Mimi nilichukua sukari. Kwenye usaili wa kwanza hawakuuliza mchepuo. Walinipa karatasi, wakasema chora juisi inayoingia, mvuke unaotoka, kiasi gani kinabaki. Mkono ulitetemeka, nikachora. Miaka kumi baadaye nikahamia maji, na maji nilikuwa sijayasomea hata muhula mmoja. Hata ukihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, na huko ndiko utakakopikwa hasa.

Basi jaza vyakula. Ila somo la udhibiti wa michakato, yaani kuongoza mitambo ishike joto na kiasi kinachotakiwa, usilikimbie kwa kuwa lina hesabu ngumu. Viwanda vya maziwa, bia na gesi vyote vinahitaji mtu wa valvu na vihisio. Mradi wa mwaka wa nne ufanye kuhusu utando ule ule.

Baba usimwambie kwa simu akiwa njiani. Mimi ni shangazi wa gazetini tu. Wa damu unaye, dada yake baba? Nenda kwake kwanza, na kilo ya sukari mkononi, umweleze kama ulivyonieleza mimi ule usiku wa sahani. Yeye ana maneno ya kumwambia kaka yake ambayo wewe ukiyatamka yatakuwa utovu wa adabu.

Halafu hukumalizia hadithi, nami imenikera tangu jana. Utando ulitoka kwa kostiki, ile soda kali ya kusafishia mitambo, peke yake, au ilibidi waingize na asidi?